Mashuka ya Kisiwa cha Tatu

Mlioniandikia mkiuliza balozi gani huyu anayeporomoka kwenye ngazi za ndege mbele ya bendi ya taifa, nimewasikia. Goti limepona. Aibu bado.

Kwa anayenikuta njiani leo: mimi ni muuza matangi. Matangi ya maji, yale meusi ya plastiki yanayokaa pembeni mwa nyumba kukinga mvua ya bati. Nimeyatengeneza na kuyauza miaka ishirini na sita, na kila tanki lina picha yangu ubavuni, nimecheka meno yote nje, nimenyoosha dole gumba.

Siku moja nilimpelekea mkubwa mmoja tanki la bure. Akanitazama juu hadi chini, akasema serikali inatafuta balozi wa visiwa vitatu vidogo. "Kule maji ni mengi," alisema, "na wewe umezoea mambo ya maji." Kichwa kikavimba hapo hapo. Duka nikamwachia shemeji, nikashonesha suti tatu, moja kwa kila kisiwa.

Kisiwa cha kwanza, waziri wa kunipokea ndiye aliyekuwa kinyozi wa mji, ikabidi nimngoje amalize kichwa cha mtu. Cha pili ndiko nilikoporomoka. Kilibaki cha tatu. Rais wa huko asiponipokea, nilikuwa nimeambiwa wazi, nirudi zangu kwenye matangi.

Lakini si hilo lililonitoa jasho. Kuna siri nimeizungukazunguka wiki zote hizi, na leo naitema.

Mke wangu, mama watoto, ndiye mkaguzi wa karakana yetu. Hana mashine, ana pete. Analigonga tanki kwa pete yake ya ndoa, anategesha sikio, anasema hili limeiva, hili bichi. Hajakosea hata siku moja.

Miaka sita iliyopita fundi wa tanuri aliharakisha kazi, matangi mia mbili yakatoka membamba kitakoni. Mama watoto aligonga la kwanza, la pili, la kumi.

"Yanalia kama debe," alisema. "Yasagwe yote. Hata moja lisitoke hapa."

"Sawa, mama."

Akasafiri kwenda kumuuguza mama yake. Siku ya pili yake akaja dalali mmoja, mdomo wake mtamu. Akasema anayachukua yote kama yalivyo, yanakwenda mbali sana, kwenye kisiwa ambacho hata barua hazifiki. Nikampa. Hata kadi za waranti nilimjazia kwa mkono wangu. Badala ya miaka mitano niliandika ishirini, kwani nani angekuja kudai?

Mama watoto aliporudi nikamwambia yamesagwa.

Alinishika mkono mbele ya mafundi, yeye ambaye hana tabia hizo. Tangu siku ile hadithi ya matangi yaliyosagwa ameisimulia kwenye harusi, kwa majirani, kwa binti yetu alipotaka kuolewa. "Tafuta mwanamume kama baba yako," alimwambia. "Mtu wa kusaga." Nami nilikuwa nikikaa pale natafuna, siinui macho.

Basi mnaona tunakokwenda. Mimi, niliyekuwa kwenye kiti cha mbele, sikuona kitu.

Ndege ilikuwa ya viti tisa. Inatua pale kila Jumatano na kuondoka kila Jumamosi, na tulifika Jumatano saa tano asubuhi. Nilishuka polepole, nimeshika vyuma kwa mikono miwili.

Wapakuzi wa mizigo waliacha mizigo. Mwanamke aliyekuwa akifagia njia ya ndege akaegemea fagio lake.

"Bwana Dole!" alisema mmoja.

"Ndiye mwenyewe! Bwana Dole amekuja!"

Nikageuka kwa mama watoto, kifua mbele. "Unaona? Nimeshajulikana."

"Kwa nini Dole?"

"Huenda ni jina la heshima la huku."

Na kwa kuwa mazoea yana taabu, nikawanyooshea dole gumba na kucheka meno yote nje. Wapakuzi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini juu ya sanduku langu. Nikafurahi. Nilisema moyoni, hawa ni watu wachangamfu.

Tulipokewa na ofisa wa itifaki, mwanamume wa makamo mwenye tai fupi. Ndiye aliyekuwa dereva vile vile, na nilipoona pingu kiunoni nikajua na uaskari ni wake. Nitamwita Itifaki. Alitufungulia mlango wa gari, akatazama saa, akaendesha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai.

Njiani nikaanza kuona mashuka.

Pembeni mwa kila nyumba kulikuwa na kitu kikubwa, cha duara, kimefunikwa shuka. Mashuka ya maua, ya mistari, mengine yenye kiraka katikati. Kwenye zahanati lilikuwa jeupe, limefungwa kwa bendeji. Shuleni walikuwa wameunganisha mawili kwa pini.

"Haya mashuka vipi?" nikauliza.

Itifaki aliangalia barabara. "Ni heshima kwa mgeni, mheshimiwa."

"Heshima!" nikamwambia mama watoto. "Wametandika mji mzima."

Mnamjua mfanyabiashara wa kweli? Akikuta kitu kimefunikwa, mkono unamwasha. Mama watoto aliyatazama yale mashuka moja moja, shingo ikigeuka na kila nyumba.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya vyumba viwili, safi, sakafu imepigwa rangi nyekundu. Mtunza nyumba, mama mmoja mfupi mwenye funguo kifuani, alitukaribisha kwa beseni la maji na kikombe.

"Poleni na safari. Mtaoga kwa kikombe, mnisamehe. Maji tunayateka kisimani, kule nyuma ya shule, na kisima chenyewe siku hizi kina chumvichumvi."

"Kwani mvua hazinyeshi huku, dada?" mama watoto akauliza.

"Zinanyesha mpaka tunaomba zipungue. Pa kuziweka ndipo hatuna."

"Na hicho hapo nje, chini ya shuka?"

Mtunza nyumba akanitazama mimi. Akatazama funguo zake. "Hicho... ni cha kuku."

Kweli, ukingo wa shuka ukatikisika, kuku mwekundu akatoka, akatutazama kwa jicho moja kama tunamdai maelezo, akarudi ndani.

Mama watoto alipoingia kuoga, nilitoka nje kunyoosha mgongo. Upepo hakuna, mtu hakuna. Nikainua pembe ya shuka, hivi tu, kwa vidole viwili.

Nikakutana na mimi.

Nilikuwa nacheka. Dole juu. Rangi ilikuwa imepauka kidogo na kuku walikuwa wamenifanyia yao begani, lakini ndiye mimi, na chini yangu wamebandika kadi, mwandiko wangu: WARANTI MIAKA ISHIRINI. Kitako cha tanki kilikuwa kimepasuka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, ufa wa kupitisha mkono, ubavuni wamekata kimlango, na ndani kuku watatu wamekaa juu ya nyasi kama wapangaji wa siku nyingi.

Nikalirudisha shuka. Nikatazama nyumba ya jirani, shuka. Ng'ambo ya barabara, shuka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni mwa kila nyumba ya mji ule, nimefunikwa kama maiti.

Nilimkimbilia Itifaki getini, alikuwa akipiga kiatu rangi.

"Bwana Itifaki. Hayo mashuka."

"Umeshachungulia," alisema, bila kuinua kichwa. "Tulijua utachungulia."

"Mmenijua tangu lini?"

"Tangu picha yako ilipokuja na barua ya kuomba upokewe. Mwenyekiti wa mtaa alidhani ni tangazo." Akaweka brashi chini. "Watu walikasirika, mheshimiwa, sikufichi. Yalipasuka yote msimu wa kwanza. Wengine walitaka wakupokee wakiwa na kadi zako mkononi. Rais akakataa. Akasema mgeni haaibishwi mlangoni. Kila mtu afunike lake, na mtu asilitaje."

"Halafu?"

"Halafu kesho saa nne utasoma barua yako. Kwetu balozi akimaliza kusoma, Rais humwomba aseme neno lake moja ambalo halimo kwenye barua. Ndipo anasaini. Rais amesema, neno la matangi balozi atalisema mwenyewe. Akilisema yamekwisha, tunaanza upya kama watu."

"Nikisema tu, basi?"

"Basi. Sisi hatuna makuu. Tunataka kusikia mtu akisema ni mimi."

Nikashusha pumzi. Rahisi kama nini! Halafu nikakumbuka nani atakuwa amekaa kiti cha mbele, na gauni lake jipya, akisikiliza.

"Mke wangu anaweza kupumzika kesho? Safari imemchosha."

Itifaki alinitazama kwa mara ya kwanza. Si kwa hasira, kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Kiti chake kimeshaandikwa, mheshimiwa."

Niliporudi, mama watoto hakuwepo ndani. Nikazunguka vyumba vyote viwili mara mbili. Alikuja karibu na saa kumi na moja, akiwa ametulia kabisa, ushungi begani.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kunyoosha miguu. Kwani wewe peke yako ndiye mwenye viungo?"

Unyoya mwekundu ulikuwa umenasa kwenye ushungi wake. Nikautoa. "Umeona nini huko nyuma?"

"Kuku."

"Kuku tu?"

"Kuku watatu. Wana nyumba nzuri, kubwa. Kuku wetu hawajawahi kukaa hivyo." Akaenda kuvua viatu.

Nilicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyevuka barabara lori likamkosa. Nikamwambia ushungi umegeuka kitotoleo. Naye akatabasamu kidogo.

Asubuhi alikuwa ananipigia pasi shati. Nilikaa kitandani na fulana, nimeshika bahasha.

"Una nini?" aliuliza. "Umekaa kama mtu aliyemeza kijiko."

"Ni uchovu wa ndege."

"Kama una jambo, sema. Shati bado halijaisha."

Hebu nisimamishe hapa niwaambie ukweli. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri: mama watoto, yale matangi. Hayazidi manne. Nilifungua mdomo.

"Unajua ninachojivunia nikiwa nimekaa pale mbele leo?" alisema, akigeuza kola. "Si huo ubalozi. Ubalozi ni suti. Ni siku ile uliyosaga yale matangi. Ungeweza kuyauza, nisingejua. Siku ile ndiyo nilijua nimeolewa na mtu."

Nikafunga mdomo.

"Ulitaka kusema nini?"

"Tai," nikasema. "Nilitaka kuuliza tai iko wapi."

"Iko shingoni mwako."

Ilikuwepo kweli, juu ya fulana. Basi nikaamua kufa na siri yangu hapo hapo ilipo.

Ukumbi wa taifa wa kisiwa kile siku nyingine ni darasa la tano. Jedwali la kuzidisha lilikuwa ukutani, juu yake picha za marais waliopita, watatu, wa nne ndiye aliyekuwa amekaa mezani. Mama wa miaka sitini na kitu, miwani imefungwa uzi, mwalimu mkuu mstaafu. Mbele yake kulikuwa na kalamu moja, nyekundu.

Watu walijaa mpaka madirishani. Muuguzi wa zahanati, mtunza nyumba na funguo zake, mwanamke wa fagio, wapakuzi. Wote walikuwa wamevaa vizuri. Mama watoto alikaa kiti cha mbele, pete inameta.

Nilisoma barua. Niliisoma vizuri, sijisifu, hata zile sehemu za "uhusiano wa kindugu uliodumu" ambao ulikuwa na umri wa siku moja.

Rais akaipokea, akaiweka mezani, akaivua kofia kalamu.

"Ahsante, mheshimiwa. Barua ni ya serikali yako. Sasa tupe neno lako wewe, lile ambalo halimo humu."

Darasa zima likainama mbele kidogo. Muuguzi akafumba macho. Mwanamke wa fagio akanitikisia kichwa, kama mtu anayemwambia mtoto ruka, nitakudaka.

Nikamtazama mama watoto. Alikuwa ananitazama, mikono mapajani, amenyooka. Gauni lile alilishona mwenyewe.

"Neno langu," nikasema, "neno langu ni kwamba... bahari yenu ni nzuri sana."

Kalamu nyekundu haikusogea.

"Na upepo wake," nikaongeza.

Rais alingoja. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na mbili, mama yule, alijua kungoja. "Hakuna lingine?"

"Hakuna, mheshimiwa."

Akairudishia kalamu kofia yake. Kile kimlio kidogo cha plastiki kilisikika mpaka dirishani. Kisha akamgeukia mke wangu.

"Mama, na wewe? Mgeni ni mgeni."

Mama watoto alisimama, akajiweka sawa ushungi.

"Mimi si mtu wa hotuba," alisema. "Nitawaambia tu habari ya huyu bwana, mjue mnampokea nani. Miaka sita iliyopita yalitoka matangi mia mbili mabovu kwenye karakana yetu. Niligonga mwenyewe kwa pete hii. Nikamwambia baba watoto, haya yatapasuka, yakipasuka kuna mama mahali atabeba ndoo kichwani kwa ajili yetu. Yasage."

Mtu hakukohoa. Ningelipa chochote mtu akohoe.

"Akayasaga," alisema mke wangu. "Yote mia mbili. Alipoteza kazi ya msimu mzima, lakini hakuna mama hata mmoja aliyebeba ndoo." Akanigeukia, mbele ya kisiwa kizima. "Si ndiyo, baba watoto?"

Wasomaji wangu, nimewahi kuulizwa maswali magumu. Nimeulizwa na watu wa kodi. Sijawahi kuulizwa swali lililokuwa na mlango wazi hivi. Ilikuwa ni kusema hapana tu. Silabi tatu.

"Ndiyo," nikasema.

Mtunza nyumba alishika funguo zake zote kwa pamoja. Rais aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakunitazama tena. Akachukua karatasi, akaandika kwa ile kalamu nyekundu, mistari mingi, taratibu, akaikunja mara mbili, akampa mama watoto.

Mama watoto, si mimi! Nikadhani ni utaratibu wa huko, kwamba nakala ya kwanza hupewa bibi. Nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu.

Chai ilikuja. Nilikuwa kikombe cha pili, nimeanza kupata nafuu, najiambia haya, ndege ni keshokutwa, siku mbili si nyingi, nitamwonyesha bahari mpaka aichoke. Hapo Itifaki akasimama mlangoni na kupaza sauti.

"Ndugu wananchi, sherehe imekwisha. Mnaweza kuchukua mashuka yenu."

Kikombe kilitua kwenye kisahani chenyewe.

"Mashuka gani?" nikamshika mkono. "Si mngeyaacha? Yamependeza."

"Watu wanalalia, mheshimiwa. Jana wengine wamelala kwenye godoro tupu kwa ajili yako."

Watu walikuwa wameshaanza kutoka. Nikamrukia mama watoto, nikamwambia tupite mlango wa nyuma, kuna mandhari. Akaniambia mlango wa nyuma umefungwa, ni stoo ya madawati. Akatoka mlango wa mbele, mimi nyuma yake, nanyanyua mikono kama mtu anayeswaga kuku.

Barabara nzima walikuwa wanakunja. Wawili wawili, pembe kwa pembe, bila haraka. Na kila shuka liliposhuka nilitokea mimi. Kwenye zahanati, nacheka. Shuleni, nacheka. Kwa kinyozi, kwa fundi viatu, kwenye nyumba ya Rais yenyewe, ambayo ukuta wake ulipakana na nyumba yetu ya wageni. Dole, dole, dole. Na kila tanki na ufa wake.

Mama watoto alitembea katikati ya barabara mpaka tukafika nyumba ya wageni. Mtunza nyumba alikuwa anahangaika na shuka lake peke yake. Mama watoto akashika pembe mbili za upande wa pili, wakaanza kukunja.

"Mama watoto," nikasema. "Nina jambo."

"Unalo tangu jana."

"Yale matangi..."

"Nimeyaona jana, nilipomfuata kuku." Alikuwa anatazama shuka, pindo lilingane. "Ulipoona unyoya nilikuwa natoka kwa Rais. Anaishi hapo nyuma. Tulikunywa maji ya chumvichumvi, tukazungumza."

Nikakaa kwenye kizingiti. "Kwa hiyo mle ukumbini..."

"Walikuwa wanajua kwamba najua. Wote. Ulikuwa hujui wewe tu." Akampa mtunza nyumba pembe zake, wakakutana katikati. "Nilimwomba Rais tukupe nafasi. Nilikupa jioni, ukanicheka ushungi. Nikakupa asubuhi, ukaulizia tai. Nikakupa mbele ya watu, nikakuwekea maneno mdomoni, ilibaki kukataa tu."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa utaacha kunitazama vile."

Mtunza nyumba akalichukua shuka, akaingia ndani, akajifanya ana kazi jikoni.

"Rais amesaini," mama watoto akasema, akitoa ile karatasi. "Wewe ni balozi, hongera. Mabalozi wote wa hapa wanakuja siku tatu wanaondoka. Wewe wa kwanza utakaa. Ndiyo sharti."

"Sharti la Rais?"

"La kwangu. Jumamosi napanda ndege peke yangu. Nakwenda kuwasha tanuri, matangi mia mbili, na shemeji yako hatagusa hata moja. Mpaka yafike, utateka maji kisimani na kupeleka nyumba kwa nyumba. Ndoo huyu mama anazo. Ya kwanza ni ya zahanati, saa kumi na mbili asubuhi."

"Kwa suti hizi?"

"Ziko tatu. Utabadilisha."

Ningecheka, siku nyingine. Yeye pia angecheka. Lakini alikuwa ameshaligeukia tanki, akalisogelea, akamwondoa kuku mwekundu kwa mguu, polepole. Akaligonga kwa pete yake, pale pale chini ya dole langu.

Likalia kama debe.

Akaivua pete. Ilimchukua muda, kidole kimenenepa miaka hii, akaizungusha na kuizungusha mpaka ikatoka. Akanifungua kiganja, akaiweka.

"Yakifika, uyagonge mwenyewe moja moja. Mimi sitakuwepo kukugongea."

"Mama watoto. Hiyo si ya kugongea matangi tu."

"Najua ni ya nini."

"Utarudi lini kuichukua?"

Alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu tutoke ukumbini. Hakuwa na hasira, ningejua la kufanya na hasira.

"Matangi yatakuja," alisema.

"Nimekuuliza wewe."

Akaingia ndani. Nilimsikia akiburuta sanduku kutoka uvunguni, akifungua vifungo viwili, kimoja, kingine. Kisha nikasikia nguo zangu zikitolewa na kuwekwa kitandani, na zake zikibaki ndani.